Kutafuta ukoo wa Kiairishi kwenye vitabu vya parokia: mwongozo kwa anayeanza

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Bibi yake mume wangu alitoka Ireland, aliitwa Mary Sullivan. Tuanzie wapi?" Mara nyingi anayeuliza ni Mtanzania au Mkenya aliyeoa au kuolewa Boston, London au Toronto. Watoto wameanza kuuliza asili yao. Upande wa Kisii au Kilimanjaro wazee wanataja mababu bila kusita, na upande wa Ireland kuna jina moja tu na picha isiyo na tarehe.

Jibu langu huwavunja moyo kidogo: usianze na vitabu vya parokia. Anza na karatasi za nchi alikohamia, zikupe jina la mahali alikotoka, ndipo ufungue kitabu cha parokia ya mahali hapo. Atakayeruka hatua hiyo atawapata Mary Sullivan mia moja wa kaunti ya Cork peke yake, na hatakuwa na njia ya kujua yupi ni wake.

Kuhusu sababu ya kutegemea parokia, maelezo ni mafupi. Ireland haina sensa za karne ya 19 kama nchi jirani. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin tarehe 30 Juni 1922, jengo la nyaraka la Four Courts lilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu vya Wakatoliki vilipona kwa sababu vilikuwa vimebaki mikononi mwa maparoko wenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina la mtu unayemtafuta pamoja na majina ya wazazi wake. Jina la ukoo la mama kabla hajaolewa lina thamani kuliko yote. Daniel Sullivan ni wengi; Daniel Sullivan aliyezaa na Bridget Leary ni wachache.
- Mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria. Uachie nafasi ya miaka 5 mbele na 5 nyuma, hata kama cheti kinataja tarehe kamili. Watu wa zamani hawakujali siku ya kuzaliwa.
- Majina ya ndugu zake, hasa waliohama naye au waliomfuata.
- Dini ya familia.
- Kompyuta. Simu inafaa kutafuta majina, lakini kusoma ukurasa wa kitabu cha 1830 kwenye kioo cha simu ni kujitesa.
- Daftari au jedwali la kuandika kila ulichokagua, pamoja na kile ambacho hukukuta. Usipoandika "Bantry, ubatizo 1850 hadi 1856, hayupo," utakuja kukagua kurasa zile zile tena.

Pesa si lazima mwanzoni. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika bure.

Hatua ya 1: Maliza karatasi za ng'ambo

Tafuta cheti cha ndoa, cheti cha kifo, karatasi za uraia, tanzia gazetini na maandishi ya kaburini. Unachotafuta ni jina la mahali padogo kuliko kaunti. "Ireland" pekee haisaidii, na "County Cork" inasaidia kidogo sana.

Usimfuate mtu mmoja tu. Jiwe la kaburi la babu huenda limeandikwa jina na miaka basi, huku la kaka yake, makaburi mawili mbele, likitaja parokia aliyozaliwa. Kitabu cha ndoa cha kanisa Katoliki huko Marekani nacho mara nyingine hutaja parokia ya Ireland ambako bwana au bibi arusi alibatizwa, jambo ambalo cheti cha serikali hakina. Kwa waliofikia New York, kumbukumbu za benki ya Emigrant Savings hutaja mara nyingi kijiji na jamaa waliobaki nyumbani. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao, na wengi walitaja parokia walikotoka.

Hatua ya 2: Jua dini, usikisie kwa jina

Mfano unaowagusa watu wa kwetu ni Barack Obama. Baba yake ni wa Kogelo, lakini kwa mama yake ana babu wa mbali aliyeitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Ukisikia Kearney unafikiria Mkatoliki. Kumbe habari za familia hiyo zilikutwa kwenye vitabu vya Waanglikana, yaani Kanisa la Ireland, vya Templeharry, na aliyezitafuta ni kasisi wao, Stephen Neill. Mtu angepekua vitabu vya Wakatoliki vya eneo lile mpaka macho yaume asione kitu.

Mwongozo huu unafuata zaidi Wakatoliki, kwa kuwa ndio wengi. Wengine nimewawekea maelezo karibu na mwisho.

Hatua ya 3: Pata kitongoji

Ireland imegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya ekari chache tu, na ndiyo anwani watu wa mashambani walitumia. Ukishakijua kitongoji, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ya haraka ni usajili wa serikali. Vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki vilianza kusajiliwa tarehe 1 Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza mapema, Aprili 1845. Picha za madaftari hayo zipo bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50. Ingizo la kizazi linataja mahali mtoto alipozaliwa na jina la ukoo la mama. La ndoa linataja makazi ya wote wawili, majina ya baba zao, na kanisa walikofungia ndoa.

"Lakini babu yetu alizaliwa 1855!" Sawa. Basi tafuta mdogo wake. Wanawake wa enzi hizo walizaa kwa miaka 20, kwa hiyo aliyezaliwa 1855 huenda ana mdogo wa 1865 mwenye wazazi wale wale, na kitongoji chake kimeandikwa. Hila hii imewakwamua watu wengi kuliko nyingine yoyote ninayoijua.

Ukikosa huko, jaribu sensa za 1901 na 1911, ambazo ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland. Waliobaki nyumbani wanaweza kuwamo: kaka aliyerithi shamba, au mama mjane. Ya 1911 ina jambo zuri zaidi: wanawake wenye waume waliulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai.

Onyo kuhusu umri kwenye sensa hizo. Utakuta mtu ana miaka 55 mwaka 1901 na 71 mwaka 1911. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa kwa kuwa usajili ulikuwa haujaanza walipozaliwa. Wengine walijiongezea miaka bila haya. Wengine walikuwa hawaujui umri wao tangu zamani. Umri wa 1901 mara nyingi ndio ulio karibu na kweli. Na faida ikatokea humo humo: ili kuthibitisha umri, maofisa walipekua sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu za upekuzi huo zipo bure mtandaoni. Familia iliyopotea motoni unaweza kuikuta kwenye fomu ya pensheni.

Kwa vizazi vya nyuma zaidi kuna orodha ya kodi ya ardhi ya Richard Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, kwenye askaboutireland.ie. Inataja mkuu wa kaya tu, haitaji mke wala watoto. Itumie kuona ukoo wako ulikuwa umejazana wapi, usiitumie kama ushahidi wa nani mtoto wa nani.

Hatua ya 4: Geuza kitongoji kuwa parokia ya Kikatoliki

Hapa wengi hupotea. Ireland ina parokia za aina mbili: za kiserikali, zilizofuata mipaka ya zamani, na za Kikatoliki, ambazo ni chache na kubwa zaidi. Majina hayalingani. Mji wa Bantry, kwa mfano, uko ndani ya parokia ya kiserikali ya Kilmocomoge, lakini kitabu cha ubatizo unakitafuta chini ya Bantry. Griffith anakupa ile ya kiserikali. Tovuti ya johngrenham.com, pamoja na ramani ya Maktaba ya Taifa, zitakuonyesha ya Kikatoliki inayoifunika.

Andika pia majina ya parokia zinazopakana. Watu walikwenda kanisa lililokuwa karibu kwa miguu, hawakuuliza mpaka.

Jihadhari na majina yanayojirudia. Kilmore ziko nyingi, katika kaunti mbalimbali. Usikubali jina la mahali bila kaunti yake.

Hatua ya 5: Fungua kitabu

Nenda registers.nli.ie. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka humo, Julai 2015, picha za mikrofilamu za vitabu vya parokia zaidi ya 1,000, vingi vikiishia karibu 1880. Ni bure na huhitaji kujisajili. Chagua parokia, kisha ubatizo au ndoa, kisha mwaka na mwezi.

Ni picha tupu. Huwezi kuandika jina ukaletewa ukurasa. Faharasa ya majina ilitengenezwa na tovuti za ukoo za Ancestry na Findmypast, na rootsireland.ie ina nakala zilizochapwa upya na vituo vya kaunti kwa malipo. Kwa mji wa Dublin, Kerry na sehemu za Cork, irishgenealogy.ie inayo bure. Tumia faharasa kukufikisha kwenye ukurasa, kisha usome ukurasa wenyewe. Aliyechapa alikuwa binadamu mbele ya mwandiko mbovu. Leary anaweza kuwa amegeuka Seary.

Kabla ya kuhangaika, angalia kitabu kinaanza mwaka gani. Mijini na upande wa mashariki unaweza kupata vya karne ya 18. Magharibi, kwenye umaskini mkubwa, vingi vinaanza baada ya 1820 na vingine baadaye sana. Kama kitabu kinaanza 1840, aliyebatizwa 1832 humpati hata ukeshe.

Hatua ya 6: Soma mstari polepole

Huu ni mfano niliotunga, lakini ndivyo mistari ilivyo:

*14 Feb. Bapt. Joannem f.l. Danielis Sullivan et Brigidae Leary de Coomhola. Sp. Patritius Leary, Honora Sullivan.*

Tarehe ni ya ubatizo, na kwa kawaida mtoto alikuwa na siku chache tu. *F.l.* ni mtoto halali wa ndoa. *Joannem* ni Joannes, yaani John; Kilatini hubadilisha mwisho wa jina, usidhani ni mtu mwingine. Baba ni Daniel, mama ni Bridget, naye ameandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, si la mume. *De* inaleta kitongoji au kijiji. *Sp.* ni wasimamizi wa ubatizo.

Majina utakayokutana nayo kila siku: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Carolus ni Charles, Eugenius mara nyingi ni Owen, Thaddeus huwa Timothy, Jeremiah anaweza kuitwa Darby. Wanawake ndio kazi. Honora ni Nora, na pia Hannah. Johanna anaweza kuwa Judith, Julia au Hannah. Bridget akifika Marekani huenda akawa Delia. Kwa hiyo Hannah wa Chicago huenda alibatizwa Honora au Johanna. Tafuta yote mawili.

Herufi ya O' na neno Mac mbele ya majina puuza kabisa. Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa baba na mwana.

Kwenye ndoa, *test.* ni mashahidi. Ukiona *consang.* pamoja na namba, maharusi walikuwa ndugu na walipewa ruhusa maalumu: 2 ni wajukuu wa babu mmoja, 3 ni vitukuu wa babu mmoja. Neno hilo dogo linaweza kukufungulia kizazi kizima ambacho hakina kitabu.

Hatua ya 7: Kusanya familia nzima

Ukimpata uliyemtaka, usifunge kitabu. Kutoka kwa mtoto huyo soma miaka 15 mbele na 15 nyuma, ukiandika kila mtoto wa wazazi wale wale pamoja na wasimamizi wake. Wasimamizi mara nyingi walikuwa ndugu wa wazazi. Patrick Leary akitokea mara tatu, huyo karibu hakika ni mjomba wa watoto, na kitongoji chake ndicho kwao mama.

Kisha tafuta ndoa ya wazazi, ukianzia mwaka mmoja kabla ya mtoto wa kwanza. Harusi kwa desturi ilifungwa parokia ya bibi arusi, na mara nyingine mtoto wa kwanza alibatizwa huko huko kwao mama. Anza na Februari: ndoa hazikufungwa Kwaresima, hivyo watu walijazana siku za kabla yake, na ukurasa mmoja wa Februari unaweza kubeba ndoa nyingi kuliko miezi yote ya kiangazi.

Mpangilio wa majina ya watoto nao ni dalili. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Msomaji Mkikuyu atajiona nyumbani, ila ageuze upande wa mabinti: kwa Waairishi binti wa kwanza alichukua jina la bibi mzaa mama, wa pili la mzaa baba. Ni desturi, haikuwa sheria. Itumie kukisia jina la babu, kisha umtafute kwa ushahidi.

Hatua ya 8: Jaribu kumkataa

Umepata John Sullivan wa mwaka unaofaa. Sasa mkatae. Je, yupo Ireland kwenye sensa ya 1901 akiwa na mke na ng'ombe wake? Basi siye aliyekufa Boston 1890. Je, kuna John mwingine kwa wazazi wale wale miaka mitatu baadaye? Basi wa kwanza huenda alikufa mchanga na jina likarithiwa na mdogo wake, na wako ni wa pili. Je, parokia jirani ina John mwingine wa umri huo? Asipokatalika kwa njia zote hizo, mwandike kwa wino.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kunakili mti wa ukoo wa mgeni mtandaoni kwa sababu majina yanafanana. Kama mti huo hautaji parokia na tarehe, ni uvumi.

Ukikwama

*Jina halionekani kwenye faharasa.* Ondoa jina la ukoo, tafuta kwa majina ya kwanza ya baba na mama katika parokia moja. Ikishindikana, soma kurasa za miaka mitano mstari kwa mstari. Inachosha, lakini ndiyo inayofanya kazi.

*Ubatizo unatangulia tarehe ya kuzaliwa.* Si muujiza. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, hivyo wazazi walisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa. Fuata ya kanisa.

*Natafuta kifo kabla ya 1864.* Vitabu vingi vya Wakatoliki havina mazishi. Katika miaka ya njaa kuu, 1845 hadi 1852, walikufa watu wapatao milioni moja, na wengi wao hawakuandikwa popote. Jaribu makaburi, na usiingize mwaka wa kukisia kama ukweli.

*Kitabu kinaanza baadaye.* Rudi kwa Griffith, kisha kwenye madaftari ya fungu la kumi ya 1823 hadi 1838, bure kwenye Nyaraka za Taifa. Kwa wakulima wadogo wengi hapo ndipo safari inaishia.

*Familia ni ya Waanglikana.* Zaidi ya nusu ya vitabu vyao vya zamani viliungua 1922, kwa kuwa vilikuwa vimepelekwa kwenye jengo la serikali. Uliza maktaba ya Kanisa la Ireland, inayoitwa RCB, iliyoko Dublin, kwa kuwa baadhi ya makasisi walibaki na vitabu au nakala. Kwa Wapresbiteri na watu wa kaskazini, kituo ni ofisi ya nyaraka ya Belfast, PRONI, yenye nakala za makanisa mbalimbali ya Ulster, yaani jimbo la kaskazini.

*Nataka pasipoti.* Aliye na babu au bibi mzaliwa wa Ireland anaweza kuomba uraia kupitia daftari la waliozaliwa nje. Kinachotakiwa kwa kawaida ni vyeti vya serikali. Parokia ikusaidie kujua cheti kipi cha kuagiza. Babu wa babu hatoshi.

*Ninayemtaka alibatizwa baada ya 1880.* Kitabu huenda bado kiko parokiani. Andika barua pepe fupi yenye jina, wazazi, kitongoji na miaka miwili au mitatu tu ya kupekua. Ofisi nyingi zina mtu mmoja anayefanya kazi siku chache kwa wiki, hivyo usiombe "habari zote za ukoo wa Sullivan," na utoe sadaka hata usipodaiwa. Omba pia waangalie pembeni mwa mstari wa ubatizo. Kuanzia Pasaka ya 1908 kanisa liliagiza ndoa iandikwe kando ya jina la aliyebatizwa, hata akiwa amefungia ndoa ng'ambo, kwa hiyo pembeni pale panaweza kuwa na tarehe, jina la mwenzi, na kanisa la Brooklyn au Liverpool.